Mtoto wa nyoka, Raj Kapoor na sisi watu wa Mji wa Kale

Wazee wetu wana msemo ambao haungoji ushahidi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukishatamkwa barazani, maneno yamekwisha. Kijana huhukumiwa kwa alilolifanya babake, na kahawa ikaendelea kunywewa. Mwezi wa Desemba 1951, huko Bombay, mtu mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 27 alitoa filamu ya takriban saa tatu kuubishia msemo huo huo. Filamu iliitwa Awara, yaani mzururaji, mtu asiye na kwao. Aliyeiongoza, akaigharimia na kuigiza ndani yake alikuwa Raj Kapoor.

Desemba 2024 ilitimia miaka 100 tangu azaliwe. India ilimwadhimisha kwa kuzirudisha filamu zake 10 kwenye kumbi za sinema katika miji 40, tiketi ikiuzwa kwa rupia 100 ili hata mwanafunzi aweze kuingia. Hapa kisiwani hatukuwa na ukumbi wa kumwekea. Lakini nenda harusi yoyote ya watu wa makamo Mji wa Kale, au kaa nyuma ya tuktuk ya mzee anayependa kanda za zamani, na utayasikia mahadhi ya enzi yake, mara nyingi yakiwa na maneno ya Kiswahili. Mtu huyu filamu yake ya mwisho kuiongoza ilitoka 1985. Hakuzungumza lugha yetu, na wengi waliompenda huku hawakujua Kihindi zaidi ya maneno kumi. Basi kwa nini hajatoka?

Jibu la haraka ni nyimbo. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nyimbo nzuri za Kihindi zilikuwa maelfu, na waongozaji waliozitia kwenye filamu ni wengi. Ninavyoona mimi, Raj Kapoor alibakia kwa sababu alichukua maswali ambayo nyumba zetu zilikuwa zikiyanong'ona, akayaweka mbele ya watu wote, na kisha akayafunga kwenye wimbo ambao mtu angeweza kwenda nao nyumbani.

Tumjue kwanza. Alizaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924, mji ambao leo uko Pakistan. Babake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaani na wa filamu. Ungedhani mtoto wa mtu kama huyo angefunguliwa milango kwa jina tu, lakini alianzia chini, studioni, akiwa kijana wa kugonga kile kibao cha kuanzia kupiga picha. Mwaka 1947 alipata nafasi ya kwanza ya kuwa stelingi, pamoja na Madhubala, katika Neel Kamal. Mwaka uliofuata, kabla hajafika miaka 24, alianzisha kampuni yake, RK Films, na kuongoza Aag. Picha hiyo haikutamba sana. Ya pili, Barsaat ya 1949, ndiyo iliyomtajirisha. Kutokana na onyesho moja la Barsaat, mwanamume ameshika fidla mkono mmoja na mwanamke amemwegemea mkono wa pili, ilichorwa nembo ya kampuni. Wazee wetu waliokuwa wakienda sinema wakiiona nembo hiyo walijua wameingia picha ya nani.

Barsaat ilimpa pia timu. Shankar na Jaikishan walitunga muziki, Shailendra na Hasrat Jaipuri wakaandika maneno, Lata Mangeshkar akaimba upande wa wanawake, na Mukesh akawa sauti ya Raj Kapoor mwenyewe. Ukiyatazama majina hayo utaona Wahindu na Waislamu wamekaa sufuria moja, na hii ilikuwa miaka miwili tu baada ya India na Pakistan kugawanyika kwa damu. Nargis, mwanamke aliyeng'ara naye katika filamu nyingi, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Fatima Rashid. Mwandishi wa kisa cha Awara alikuwa Khwaja Ahmad Abbas. Ndiyo maana Urdu ya kwenye filamu hizo ilijaa maneno ambayo sikio la mtu wa Mombasa lilikuwa likiyatambua: dunia, shaka, insafu, waqti. Hukuhitaji kujua lugha yote. Neno moja lilikushika mkono, wimbo ukakubeba sehemu iliyobakia.

Sasa kisa chenyewe, maana humo ndimo mna mambo.

Jaji Raghunath ni mtu wa heshima. Anaamini kwamba mtoto wa mtu mwema ni mwema na mtoto wa mwizi ni mwizi, na kwa imani hiyo aliwahi kumtia hatiani mtu aitwaye Jagga kwa sababu tu babake alikuwa mhalifu. Jagga anatoka jela akiwa jambazi kweli. Anamteka mke wa jaji, Leela, kisha akigundua ni mja mzito, anapata wazo baya zaidi kuliko kuua: anamrudisha nyumbani. Anajua ulimwengu utafanya kazi iliyobakia. Na ulimwengu unaifanya. Watu wananong'ona, jaji anashuku mimba si yake, na usiku wa mvua anamfukuza mkewe. Mtoto anazaliwa barabarani. Huyo ndiye Raj.

Raj anakulia kwenye mitaa ya mabanda ya Bombay. Shuleni ana rafiki, Rita, msichana wa watu wenye uwezo. Anafukuzwa shule kwa sababu anang'arisha viatu ili mamake apate kula. Jagga, ambaye amekuwa akimtazama kwa mbali, anamvuta na kumfunza wizi, ili amthibitishie jaji kwamba damu yake jaji nayo inaweza kuzaa mwizi. Miaka inapita. Rita, aliyelelewa na jaji yule yule, amekuwa wakili. Na filamu inapoanza, kwa kuwa kisa kinasimuliwa kwa kurudi nyuma, Raj yuko kizimbani kwa kujaribu kumuua jaji, na Rita ndiye anayesimama kumtetea. Anamhoji jaji mbele ya mahakama nzima, naye jaji hakubali kuwa aliye kizimbani ni mwanawe.

Kuna jambo moja ambalo huzidisha uzito wa kisa: jaji aliigizwa na Prithviraj Kapoor, babake Raj Kapoor wa kumzaa. Mtoto anasimama mbele ya babake halisi akimwambia, mbele ya kamera, kwamba amekosea. Na Raj akiwa mtoto aliigizwa na Shashi Kapoor, mdogo wake Raj Kapoor. Ilikuwa ni nyumba moja ikijihoji yenyewe.

Fikiria kisa hiki kinavyopokewa na mtu wa Kuze au Kibokoni wa miaka ya 50. Kwetu, kabla ya kuulizwa unafanya nini, huulizwa wewe wa nani. Posa ikija, kwanza hutazamwa ukoo. Mtoto asiye na baba wa kutajwa alikuwa akibeba mzigo ambao hakuufunga yeye. Na mke anayerudishwa kwao kwa uvumi, bila ya shahidi hata mmoja, wakati dini yetu imetaka mashahidi wanne kwa anayemzulia mwanamke machafu na ikamwekea adhabu asiyewaleta, huyo si hadithi ya Bombay. Kila mtaa ulikuwa na Leela wake, na kila mtu alikuwa akijua jina lake halisi.

Mwanahistoria wa Marekani, Laura Fair, alitumia miaka mingi kuzungumza na watazamaji wa zamani wa Zanzibar na Tanzania Bara kuhusu sinema. Katika mazungumzo hayo Awara ilikuwa ikirudi tena na tena, na watu wazima walikuwa wakimsimulia filamu waliyoiona miongo kadhaa nyuma kama jambo lililotokea jana. Walichokuwa wakikumbuka zaidi ni mijadala iliyofuata baada ya kutoka ukumbini: je, mtu aoe kwa mapenzi au kwa chaguo la wazazi? Je, tabia ni ya damu au ya malezi? Sinema ilikuwa ni mahali ambapo swali lililokuwa haliulizwi mbele ya baba liliweza kuulizwa, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa Mhindi wa kwenye picha.

Nina shangazi aliyekuwa akinisimulia Awara nilipokuwa mdogo, kabla sijaiona. Alikuwa akiisimulia kwa majina ya watu bila ya maelezo, kama anavyosimulia habari za majirani. Nilipokuja kuiona kwenye kanda ya video nikiwa na miaka kumi na kitu, nilishangaa kwamba Leela hakuwa amevaa buibui. Kwa usimulizi wa shangazi, nilikuwa na hakika ni mtu wa Mkanyageni.

Baada ya Awara ilikuja Shree 420, mwaka 1955. Kijana wa mashambani anaingia jiji kubwa na cheti chake na nishani ya uaminifu, anaiweka nishani rehani ili ale, na taratibu anafunzwa utapeli na matajiri. Raj Kapoor alichukua sura ya Charlie Chaplin, suruali fupi na mwendo wa kuyumba, akaifanya ya Kihindi. Jina la filamu lina mzaha wa kisheria. Shree ni bwana, na 420 kilikuwa, hadi 2024, kifungu cha kanuni ya adhabu ya India kilichohusu ulaghai. Yaani Bwana Tapeli. Nataja hili kwa sababu kanuni hiyo hiyo ya India ilikuwa ikitumika hapa Kenya hadi 1930 serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni nyingine. Mzee aliyewahi kukaa kwenye mahakama za Mombasa za zamani alikuwa haelezwi mzaha huo. Na mji mkubwa unaomgeuza mtu mwaminifu kuwa tapeli, sidhani kama bandari yoyote duniani inahitaji kutafsiriwa.

Nje ya India na nje ya kwetu, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Awara ilipelekwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1954 na ikauza tiketi zaidi ya milioni 60. Ilishindana Cannes mwaka 1953. Waturuki, Waarabu na Wachina waliipenda. Jagte Raho, ambayo aliitayarisha na kuigiza lakini hakuiongoza, ilichukua tuzo kuu ya tamasha la Karlovy Vary mwaka 1957. Nayasema haya ili tusidhani kwamba sisi tulidanganyika na nyimbo tukiwa peke yetu pembeni mwa bahari. Tulikuwa na ladha moja na nusu ya dunia.

Sasa tuje kwenye nyimbo, kwa kuwa huku kwetu ndiko zilikopata maisha ya pili.

Mombasa ilikuwa na kumbi zake: Regal, Naaz, Majestic, Kenya. Picha ilikuwa ikikaa siku chache na kuondoka, lakini sahani ya santuri ilibakia dukani, na redio iliipiga. Ndipo waimbaji wetu wakaanza kufanya jambo ambalo limekuwa alama ya taarabu ya Mombasa: kuchukua mahadhi ya filamu ya Kihindi na kuyavika maneno ya Kiswahili. Yaseen Mohamed alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Kisha akaja Mohamed Khamis Juma Bhalo, tuliyemwita Profesa, aliyezaliwa 1942 na kufariki 2014, na kwa miongo mingi hapakuwa na sauti iliyotawala harusi za Mombasa kama yake. Maulidi Juma naye akashika njia hiyo. Kanda na sahani zao zilitoka kwenye maduka ya hapa hapa, kama Assanand na Mbwana Radio Service, na zikasafiri hadi Lamu, Tanga, Unguja na Maskati.

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyodhaniwa. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, vina katikati na mwisho. Wimbo wa filamu ya Kihindi una kiitikio kifupi kinachorudi, na beti ambazo mistari yake hailingani urefu: mmoja unavutwa, wa pili unakatwa, wa tatu unapanda juu ghafla kumngoja mwimbaji. Mtunzi wetu ilimbidi aisikilize sahani mpaka aijue pumzi yake, kisha ahesabu silabi upya, atafute vina vitakavyoangukia pale sauti inapotua, na bado maneno yawe na fumbo la kumfikia aliyekusudiwa. Juma Bhalo alikuwa na bahati ya kuwa na mshairi mkubwa katika ukoo wake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Akishaweka maneno hayo juu ya kinanda, tabla na tashkota, msikilizaji hakuwa tena akisikia Bombay. Alisikia ugomvi wa mapenzi wa mtaa wa pili.

Si wote waliofurahi. Palikuwa, na bado pako, hoja kwamba tumejiuza kwa Wahindi na kuuacha muziki wetu. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyefanya makazi Mombasa, alishika udi na kuelekea kwenye mahadhi ya Kiarabu na ya Kiswahili cha kale, na mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany yakampa maneno yenye mizizi. Ukiniuliza ni yupi ningemsikiliza usiku wa manane peke yangu, nitasema Zein. Lakini hoja ya kuwa moja ni yetu na jingine la kuazima inanipa shida. Sikiliza wimbo wa kwenye ndoto ya Raj katika Awara, ule anapopokewa nyumbani na Rita katikati ya mawingu, kisha sikiliza wimbo wa Kimisri wa filamu ya Widad ya miaka ya 1930 ambao Umm Kulthum aliuimba. Ni mahadhi yale yale karibu tupu. Cairo ilikwenda Bombay, Bombay ikaja Mombasa. Bahari hii haijawahi kuwa na mlango wa upande mmoja, na watu wa pwani wanaoishi kwa mahamri na biriani wasiwe wakali sana kwa habari ya kuazima.

Ila kuna jambo moja tunadaiwa: majina. Kwenye kanda zetu nyingi hakuandikwa mtunzi wa mahadhi. Shankar na Jaikishan na wenzao wengi hawakutajwa, na mara nyingi hata mshairi wetu wa Kiswahili hakutajwa. Leo kijana anayesikiliza mtandaoni hajui ni nani alitunga nini, na wanaojua wanazikwa mmoja mmoja.

Turudi kwa mwenyewe, kwa kuwa maisha yake hayakuwa mteremko. Nargis aliondoka kwenye kampuni katikati ya miaka ya 50, akaigiza Mother India na kuolewa na Sunil Dutt mwaka 1958. Wengi huona kuwa filamu za Raj Kapoor hazikupata tena jicho lile la mwanamke anayejibu. Sangam ya 1964, yake ya kwanza ya rangi, ilifanikiwa sana. Kisha akatumia miaka sita kutengeneza Mera Naam Joker, filamu ya zaidi ya saa nne kuhusu mchekeshaji wa sarakasi anayewachekesha watu huku moyo umevunjika. Ilitoka 1970 na ikaanguka vibaya. Alikuwa ameweka mali yake rehani. Watu walidhani amekwisha.

Alichofanya baada ya hapo ni somo la biashara zaidi kuliko la sanaa. Hakuwa na fedha za kuajiri stelingi mkubwa, basi akamchukua mwanawe Rishi na msichana wa miaka 16 ambaye hakuwa akijulikana, Dimple Kapadia, akaongoza Bobby mwaka 1973. Mtoto wa tajiri anampenda binti wa mvuvi Mkristo wa Goa. Wazazi wanagombana, watoto wanatoroka. Ilivuma ajabu. Hapa kwetu ambapo Wagoa walikuwa majirani zetu, na wavuvi ni ndugu zetu, na tajiri na mvuvi huswali safu moja kisha hawaozani, nadhani haihitaji maelezo kwa nini vijana wa wakati ule, ambao leo ni mabibi na mababu, huinama wakicheka ikitajwa.

Filamu zake za baadaye sizitetei zote. Prem Rog ya 1982, kuhusu mjane kijana anayenyimwa haki ya kuolewa tena, ni kazi ya mtu mwenye huruma. Lakini katika Satyam Shivam Sundaram na Ram Teri Ganga Maili kamera ilianza kumtazama mwanamke kwa namna ambayo hata Wahindi wenyewe walilalamika, na mtu hawezi kukaa nazo sebuleni na wakwe. Aliyelia kwa ajili ya Leela mwaka 1951 alikuwa na macho mazuri zaidi.

Mwezi Mei 1988 aliitwa New Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo ya juu kabisa kwa watu wa filamu India. Pumu ilimshika akiwa amekaa ukumbini, akashindwa kupanda jukwaani, na rais wa nchi, R. Venkataraman, akashuka kumpelekea tuzo pale alipokaa. Alipelekwa hospitali na hakutoka. Alifariki tarehe 2 Juni 1988 akiwa na miaka 63. Alikuwa akitayarisha Henna, kisa cha mwanamume wa upande wa India anayebebwa na mto hadi upande wa Pakistan na kupokewa na watu huko. Mwanawe Randhir aliimaliza ikatoka 1991, na aliyeigiza Henna ni Mpakistani, Zeba Bakhtiar. Mtu wa Peshawar alikuwa akijaribu kurudi kwao.

Studio yake ya Chembur iliungua Septemba 2017, na mwaka 2019 ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni ya kujenga majumba. Kumbi zetu za kisiwani hazikungoja moto. Video iliingia majumbani miaka ya 80, familia zikaacha kwenda, na moja baada ya nyingine zikafungwa. Mtafiti Minou Fuglesang, aliyekaa Lamu na kuandika kuhusu wanawake wa huko katika kitabu kilichotoka 1994, aliwakuta wasichana wakikutana majumbani kutazama kanda za Kihindi, wakitoa humo mitindo ya nguo na maneno ya mapenzi. Filamu haikufa. Kilichopotea ni ule mjadala wa kutoka ukumbini watu mia tano pamoja, tajiri na hamali, na kuelekea Makadara mkibishana kama jaji alistahili kusamehewa.

Mjadala huo ungetufaa leo. Tunao vijana Mji wa Kale, Guraya, Majengo na ng'ambo Kisauni, ambao wanahesabiwa kabla hawajafanya lolote. Namjua kijana mmoja, fundi mzuri wa simu, ambaye babake aliwahi kufungwa na kisha akafia kwenye unga. Mara mbili nafasi ya kazi dukani ilimponyoka baada ya mtu kuuliza ni wa nani. Mara ya tatu alidanganya jina la babake, akapata. Sasa anaishi akiogopa kusalimiwa na mtu anayemjua. Wanaomkatalia si watu wabaya. Ni waswalihina, wanatoa sadaka, na wamelia kwa Awara wakiwa vijana.

Mwisho wa filamu ile watu wengi huukumbuka vibaya. Hudhani Raj aliachiliwa. Hakuachiliwa. Akiwa kizimbani hakuomba huruma. Aliiambia mahakama kwamba ugonjwa wa uhalifu hakuurithi kwenye damu, aliuokota kwenye mitaro, na kwamba watoto wengine wako huko huko sasa hivi na watauokota pia. Akafungwa miaka mitatu. Jaji alikwenda jela kumtazama akiwa analia, na Rita akaahidi kungoja.

Awara iko kwenye YouTube, bila ya malipo, na maandishi ya Kiingereza chini. Kwa anayetaka kuanza, nashauri asianze na nyimbo zilizokatwa vipande. Atazame tangu mwanzo, pale mahakamani, wakili kijana anapoinuka na kumuuliza shahidi maswali, na shahidi ni jaji.